Amekula chumvi nyingi, tumpasue?

"Daktari, mama ameshakula chumvi nyingi. Kisu cha nini tena?"

Mwanawe aliniuliza hivyo kliniki, Mbale, nami nikajizuia nisicheke. Chumvi aliyokula mama ujanani, huko kwenye miteremko ya Mlima Elgon, haikuwa na madini joto. Wengi wa rika lake walipata rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, hivyo hivyo.

Sikuuliza umri. Niliuliza analalaje.

"Anakaa, mito mitatu. Akilala chali anakoroma kama anakabwa."

Nikamwomba mama ainue mikono, iguse masikio. Dakika haikuisha, uso ukaiva na mishipa ya shingo ikatuna. Rovu lilikuwa limeshuka nyuma ya mfupa wa kifua, linabana njia ya hewa. Vidonge havitoi kitu kama hicho.

Umri peke yake haunizuii kupasua. Kinachonizuia ni presha isiyotulia, sukari, mapafu, na hasa moyo. Tezi inapofanya kazi kupita kiasi, mzee huenda asitetemeke wala kutoka jasho kama kijana. Anachoka tu, anakonda, mapigo yanaruka. Wengi husema ni uzee. Ukimpasua kabla dawa hazijaituliza tezi, unaweza kumpoteza.

Mezani, hofu yangu ni neva za sauti, nyembamba kama uzi. Kwa mzee, neva ikiguswa si sauti tu inayoharibika: uji hupotea njia ukaingia mapafuni. Kuna pia vitezi vinne vidogo vya kudhibiti kalsiamu mwilini. Vikidhurika, midomo na vidole hufa ganzi. Halafu damu. Ikivujia shingoni katika saa 24 za kwanza, hewa hukatika upesi, ndiyo maana mkasi wa kukatia nyuzi haukai kabatini, unakaa kando ya kitanda.

Tezi ikitolewa yote, kidonge cha levothairoksini ni cha kila siku, maisha yote. Kwa moyo dhaifu naanza na mikrogramu 25 au chini ya hapo, napandisha polepole. Kinamezwa kwa maji, tumbo tupu, chai ya maziwa ingoje. (Hili la chai ndilo ninalobishaniwa zaidi.)

Mama tulimpasua. Kesho yake alimkaripia mwanawe kwa kuchelewesha uji. Sauti ilikwaruza, lakini wodi nzima ilisikia. Usiku wa tatu nesi alimkuta amelala kiubavu, mito miwili iko sakafuni.