Maksai ajue kusimama kabla ya kuvuta plau

Mvua za huku kusini mwa Tanzania huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mwenye jozi mpya ya maksai Nachingwea au Masasi na aanze kuifundisha Septemba. Wiki nne hadi sita zinatosha ukifanya kazi kila asubuhi, nusu saa tu mwanzoni. Anayesubiri ardhi ilowe ndipo afunge nira, yaani mti wa kuwaunganisha maksai shingoni, huishia kulima kwa viboko, na maksai wa namna hiyo huanza kuruka akiona tu nira inatolewa.

Chagua madume wawili waliohasiwa, wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, mabega yakiwa usawa mmoja.

Siku za mwanzo nira ibaki ndani. Mfunge kila mmoja kwenye mti imara, mpapase shingo, mgongo na miguu mpaka aache kushtuka. Kisha mtembeze: mtu mmoja mbele na kamba, mwingine nyuma anatoa amri. Amri ni nne: twende, simama, kulia, kushoto, na nyumba nzima itumie maneno hayohayo. Sauti itangulie, asipoitika, ufito umguse nyonga, akinyanyua mguu tu, ufito uondoke papo hapo. Ukiendelea kumgusa wakati ameshatii, hana njia ya kujua kwamba amepatia.

Amri ya kusimama naipa uzito kuliko zote. Mashamba yetu yana visiki, na plau ikinasa kwenye mzizi wa mkorosho, jozi isiyojua kusimama itavunja nira au kumwangusha mshika plau. Simamisha kila hatua ishirini hivi, subiri wote wawili watulie, ndipo uondoke tena.

Nira ya kulimia iache kama sentimita 90 kati ya shingo na shingo. Ya kupalilia huwa ndefu zaidi: nafasi ya mistari mara mbili, ili kila maksai apite kwenye njia ya jirani bila kukanyaga mahindi. Pitisha kiganja chini ya mti wote wa nira. Kinundu kinachokukwaruza wewe kitamchuna yeye bega siku ya kwanza ya kazi. Akichubuka, osha kwa maji ya chumvi na asivae nira mpaka apone kabisa. Ukimlazimisha atajifunza kugoma.

Wavae nira tupu siku mbili tatu, halafu waburute mnyororo mtupu wauzoee mlio wake. Ndipo gogo la kilo 20, na wiki ya tatu lifike 50. Plau iwe ya mwisho, kwenye ardhi laini. Kwa kuwa plau ya kawaida humwaga udongo kulia, maksai wa kulia hutembea ndani ya mfereji. Kwa hiyo kila mmoja awe na upande wake tangu siku ya kwanza, usiwabadilishe.

Plau ikikataa kuzama, wengi huikandamiza kwa mikono mpaka mgongo uume. Angalia kwanza mnyororo unaounganisha plau na nira: ukiwa mfupi huinua ncha ya plau, ukirefushwa plau inazama. Na kama mmoja ana nguvu kuliko mwenzake, sogeza pete ya katikati ya nira, inaposhikwa mnyororo, sentimita mbili tatu kuelekea kwa mwenye nguvu. Yeye atabeba zaidi, na mnyonge atapumua.

Jua likiwaka, acha. Anza saa kumi na mbili, malizeni saa nne. Maksai akilala chini ya nira usimpige: fungua mzigo, maana ama umemzidi ama joto limemshinda.

Tuna mbung'o huku, nzi wanaoeneza ugonjwa wa ndorobo, na kazi nzito huuamsha ugonjwa huo uliojificha mwilini. Jozi iliyokuwa ikivuta vizuri ikianza kuzubaa, ikakonda huku inakula, manyoya yakasimama na fizi zikapauka, mwite ofisa mifugo siku hiyohiyo, na nira ikae ndani mpaka atakaporuhusu.