Kuchoma gesi kwenye visima vya mafuta: maana yake na moshi unakokwenda

Kuchoma gesi ni kuiwasha moto gesi inayotoka kisimani pamoja na mafuta badala ya kuikusanya. Huko chini ya miamba gesi huwa imeyeyuka ndani ya mafuta. Yakipandishwa juu mgandamizo hupungua na gesi hujitenga, kama povu la soda ukifungua kizibo. Inaweza kurudishwa ardhini, kuendesha mitambo ya umeme, kujazwa kwenye mitungi ya kupikia, au kupelekwa juu ya mnara wa chuma na kuchomwa. Moto huo wa mnarani ndio mwenge wa gesi.

Huku kwetu Uganda neno hili lina uzito. Mafuta yaligunduliwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006, na miradi ni miwili: Tilenga, upande wa Buliisa na Nwoya, na Kingfisher, Kikuube. Kwenye mialo ya ziwa hilo wavuvi wetu na wenzao wa Kongo huelewana kwa Kiswahili, kwa hiyo nalieleza kwa Kiswahili.

Upo uchomaji wa lazima. Mgandamizo ukipanda ghafla, mwenge huokoa maisha ya wafanyakazi. Tena methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikiachwa itoke hivihivi ni mbaya zaidi, maana kwa miaka 20 huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Ninaoupinga ni uchomaji wa kila siku, unaofanywa kwa kuwa ni rahisi.

Ubaya wake utauona kwenye kibatari, tadooba kama tunavyokiita. Mwali ukikosa hewa ya kutosha hugeuka wa njano, ukatoa masizi, na ukuta ukawa mweusi. Mwenge nao, ukipigwa na upepo au ukizidiwa na gesi, hauunguzi yote. Masizi yake yana chembe zisizofika mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu, nyingine huingia kwenye damu. Zipo pia oksidi za nitrojeni, gesi zinazotokana na moto mkali: jua likizipiga zikiwa zimechanganyika na mvuke wa mafuta huzaa ozoni, gesi kali ambayo hudhuru majani ya mazao kama maharage.

Mvua ya asidi hainitishi sana hapa, kwa sababu chanzo chake kikubwa ni salfa, na mafuta ya Uganda yana salfa kidogo. Kinachonitisha ni umbo la ardhi. Kingfisher iko Buhuka, uwanda mwembamba wenye ziwa mbele na ukuta wa Bonde la Ufa nyuma. Mchana upepo wa ziwani husukuma hewa kuelekea kwenye ukuta huo. Usiku hewa baridi huteremka na kutulia chini, na moshi unaweza kubaki juu ya nyumba za watu mpaka jua lichomoze.

Sheria ya petroli ya mwaka 2013 inakataza kuchoma gesi kupita kiasi kinachohitajika kwa usalama, isipokuwa kwa idhini ya waziri. Ni sheria nzuri, ila karatasi peke yake haizimi moto. Nigeria, mwaka 2005, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliyoketi Benin City iliamua kwamba uchomaji wa gesi huko Delta ya Niger unavunja haki ya watu ya kuishi na ya utu wao. Miaka mingi baadaye mienge ilikuwa bado inawaka.

Kwa hiyo anayeishi karibu na visima asingoje kuambiwa. Mwali safi hauna moshi mweusi. Ukiona moshi mweusi unadumu, andika tarehe, saa, muda uliodumu na upepo ulikokuwa unaelekea, kisha umpelekee mwenyekiti wa kijiji na NEMA, mamlaka ya mazingira, nawe ubaki na nakala.