Kereng'ende wapya wa vijito vya msituni: dhana potofu na ukweli

Anayetembea kando ya Mto Karanga, Rau au Themi huwaona mara kwa mara: wadudu wenye mwili mwembamba kama njiti, macho yamekaa mbalimbali pande mbili za kichwa, mabawa manne yenye umbo moja ambayo wengi wao huyakunja mgongoni wakitua. Hao ni kereng'ende wembamba, kundi liitwalo Zygoptera. Ndugu zao wanene, Anisoptera, hutua mabawa yakiwa yametandazwa, na bawa lao la nyuma ni pana kuliko la mbele. Makala hii inawahusu wale wembamba, hasa wa vijito vya msituni, kwa sababu ndio wanaotangazwa mara nyingi kuwa "spishi mpya" na ndio ambao tangazo hilo hukosewa mara nyingi.

Dhana: Spishi mpya ni mdudu aliyezuka hivi karibuni

Upya wake ni kwenye maandishi ya sayansi tu. Mdudu mwenyewe amekuwepo kijitoni maelfu kwa maelfu ya miaka, na pengine wenyeji wanamjua kwa jina. Mfano ulio karibu ni minde, swala mdogo wa misitu ya Kilimanjaro: watu wa mlimani walikuwa wakimfahamu kabla sayansi haijamwandika kuwa Cephalophus spadix mwaka 1890.

Tena spishi nyingi mpya hazipatikani msituni. Hupatikana ndani ya droo za makumbusho, mtu anapofungua bahasha zilizokusanywa zamani na kugundua kwamba kundi lenye jina moja lina viumbe wawili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba, kwa wastani, sampuli hukaa miaka 21 tangu kukusanywa hadi spishi yake kuelezwa. Mwaka 2015 Klaas-Douwe Dijkstra na wenzake wawili walieleza spishi 60 za kereng'ende wa Afrika katika chapisho moja. Rundo kama hilo ni zao la miaka mingi ya kukusanya na kulinganisha.

Dhana: Kilimanjaro ni mlima mkubwa, basi ndiko kwenye spishi nyingi mpya

Mtu wa Moshi akiinua macho anaona Kibo, na ni rahisi kudhani kwamba huko juu ndiko kila kitu kilipo. Kwa kereng'ende, umri wa mlima una uzito kuliko urefu wake. Kilimanjaro ni volkano iliyoanza kujengeka takriban miaka milioni 2.5 iliyopita. Wengi wa kereng'ende wake wanapatikana pia kwenye milima mingine ya jirani. Pseudagrion bicoerulans wa vijito vya juu, kwa mfano, yumo pia milimani Kenya.

Milima ya Tao la Mashariki ni ya zamani zaidi sana, na misitu yake imepata unyevu wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu. Humo ndimo walimo kereng'ende wasiopatikana mahali pengine popote: Platycypha auripes, au Amanipodagrion gilliesi wa Usambara Mashariki, aliyeelezwa mwaka 1962 na ambaye leo yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Tao hilo linaanzia karibu tu. Ukitoka Moshi kwa barabara ya Same, milima ya Upare iko mkono wako wa kushoto, na msitu wa Chome uko Upare Kusini. Mwenye siku kumi za kutafuta afikirie vijito vya huko kwanza.

Kuna sababu nyingine. Kilimanjaro na Meru zimekusanywa tangu zamani. Otto Kersten alipanda Kilimanjaro pamoja na Baron von der Decken mwaka 1862, na jina lake limebaki kwa Pseudagrion kersteni, mmoja wa kereng'ende walioenea zaidi kwenye vijito vya Afrika kusini mwa Sahara. Msafara wa Wasweden ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulizunguka Kilimanjaro, Meru na mbuga za Wamasai mwaka 1905 na 1906, makusanyo yakaenda Stockholm. Kwa hiyo kabla ya kusema kwamba kereng'ende wa mtoni Usa hana jina, sharti umlinganishe na wale waliobebwa miaka zaidi ya mia iliyopita.

Dhana: Rangi tofauti ni spishi tofauti

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Kereng'ende aliyetoka tu kwenye gamba la lava, yaani mtoto wa kereng'ende anayeishi majini, ana mwili laini, rangi iliyofifia na mabawa yanayometameta kama nailoni. Baada ya siku kadhaa hukolea rangi. Wakizeeka, madume wengi wa jenasi (kundi la spishi za jamaa moja) ya Pseudagrion wa vijito vya milimani hufunikwa na unga mweupe wa samawati unaoficha mistari yote ya kifua. Huyo ni mdudu mmoja mwenye sura tatu. Majike nao wana lao: Ischnura senegalensis, anayejaa kwenye mabwawa na mifereji, ana majike wa rangi zaidi ya moja, wengine wakifanana na dume kabisa. Mtu akiwapanga mezani kwa rangi atapata "spishi" nne kutoka kwenye dimbwi moja.

Kinachoangaliwa ni maumbo. Mwisho wa fumbatio la dume, yaani ile sehemu ndefu ya nyuma ya mwili, kuna vibanio vinne, viwili vya juu na viwili vya chini, ambavyo humshikia jike kwenye pingili ya mbele ya kifua. Umbo la vibanio vya dume na umbo la ukingo wa pingili hiyo kwa jike huendana, na kwa Pseudagrion hapo ndipo spishi hutengana. Tazama kwa hadubini ndogo inayokuza mara 20 hadi 40, kutoka juu, kutoka ubavuni, na kutoka nyuma. Kuangalia upande mmoja tu ni chanzo cha makosa mengi, kwa kuwa kibanio kikiinama kidogo huonekana kifupi.

Halafu kuna uume, ulio chini ya pingili ya pili na ya tatu ya fumbatio, mbali na vibanio. Jonathan Waage alionyesha mwaka 1979, kwa kereng'ende wa Amerika Kaskazini, kwamba dume hutumia kiungo hicho kwanza kuondoa mbegu za dume aliyemtangulia, ndipo aweke zake. Kiungo chenye ushindani wa namna hiyo hubadilika umbo kutoka spishi hadi spishi, hivyo kichorwe kila mara.

Tahadhari moja: kanuni ya vibanio haifanyi kazi sawasawa kila mahali. Katika familia ya Chlorocyphidae, wale wenye uso uliotokeza kama pua na mabawa marefu kuliko fumbatio, vibanio vya spishi nyingi vinafanana sana. Huko rangi za dume aliyekomaa zina uzito mkubwa, na ndiyo maana zinapaswa kuandikwa angali hai. Aliyejifunza kwa Pseudagrion asihamishe mazoea yake moja kwa moja.

Dhana: Picha nzuri inatosha

Kipunji, tumbili wa Rungwe, alielezwa mwaka 2005 kwa kutegemea picha, na wataalamu wakabishana sana. Mwaka uliofuata ulipatikana mwili wa mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, na uchunguzi wake ukamhamishia kwenye jenasi mpya kabisa, Rungwecebus. Ikiwa tumbili mzima alihitaji mwili ili nafasi yake ieleweke, sembuse mdudu ambaye tofauti yake ni meno mawili ya kibanio yasiyofika nusu milimita.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka spishi iliyotajwa baada ya mwaka 1999 iwe na sampuli kielelezo, yaani holotaipu, na makala iseme imehifadhiwa kwenye mkusanyo gani. Picha zina kazi yake, na ni kubwa: huonyesha rangi halisi, mkao, na mahali alipotua. Piga ya juu, ya ubavuni, ya uso, na ya ncha ya fumbatio kwa karibu.

Kukusanya kunahitaji kibali. Utafiti hupitia COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Ndani ya hifadhi za taifa kuna TANAPA, shirika linalozisimamia, na kwenye misitu ya hifadhi kuna TFS, wakala wa misitu. Sampuli isiyo na kibali haichapishiki kwenye jarida lenye heshima, hata iwe ya ajabu namna gani.

Dhana: Mdudu akishakamatwa, kazi imekwisha, mchome pini tu

Kereng'ende aliyeachwa akauke hivi hivi huoza tumboni, na ndani ya siku mbili ile samawati iliyokuvutia inakuwa kahawia. Utaratibu unaofaa ni huu.

Nenda jua likiwa limewaka, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Wa msituni hukaa kwenye vipande vya jua vinavyopenya majani. Wavu wenye mdomo wa sentimita 30 hadi 40 na mpini wa mita moja na nusu unatosha kwenye kijito chembamba. Jozi iliyoshikana ni ya thamani kuliko madume watano, maana ndiyo ithibati ya jike gani ni wa dume gani. Mshike kwa mabawa yaliyokunjwa, andika rangi za macho, uso na kifua, kisha umtie hai kwenye bahasha ya karatasi. Mweke mahali pa baridi kwa saa kadhaa au usiku kucha ili utumbo ujisafishe.

Kabla ya kumhifadhi, kata mguu mmoja uutie kwenye etanoli ya asilimia 96 kwa ajili ya vinasaba. Kisha mtumbukize kwenye asetoni hadi afe, mtoe haraka, nyoosha fumbatio, kunja mabawa juu ya mgongo, rudisha kwenye asetoni ndani ya bahasha alale humo usiku mmoja. Asetoni huvuta maji na mafuta, ndiyo maana rangi hubaki. Ikigeuka njano imejaa mafuta, ibadilishe. Usitumie dawa ya kufutia rangi ya kucha ya dukani, kwa kuwa mara nyingi imechanganywa na maji na mafuta. Tumia chupa ya kioo, sababu asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki, na usiikaribishe kwenye jiko wala sigara.

Andika kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye asetoni, na sampuli isiyo na lebo haina thamani yoyote. Wakati wa masika weka silika jeli kwenye boksi, la sivyo ukungu utaingia. Na kaza kifuniko, kwani sisimizi humaliza mkusanyo kwa usiku mmoja.

Idadi? Madume watano hadi kumi na majike wachache huonyesha tofauti za kawaida ndani ya spishi. Kwenye chemchemi ndogo yenye kereng'ende wasiozidi ishirini, chukua wawili uondoke.

Dhana: DNA itamaliza ubishi

Kipande cha DNA kinachosomwa kwa kawaida, cha jeni iitwayo COI, kina herufi 658, na kinasaidia sana, hasa kuunganisha lava asiyejulikana na mzazi wake. Lakini jeni hiyo hurithiwa kwa mama peke yake. Spishi mbili zilizowahi kuchanganyika zinaweza kuonyesha herufi zilezile, na spishi moja iliyotenganishwa na milima inaweza kuonyesha herufi tofauti. Pia kompyuta ikisema "hakuna kinachofanana," mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kuisoma spishi hiyo. Hoja inakuwa na nguvu pale umbo, vinasaba na makazi vinaposema neno moja.

Dhana: Jina lazima liwe la Kilatini, na aliyemkamata ndiye anayeitwa

Jina linatakiwa liandikwe kwa herufi za Kilatini, bila tarakimu wala alama. Neno lenye ng' hupoteza kile kikoma chake. Asili yake inaweza kuwa Kichaga, Kimeru au Kiswahili, kama kipunji ambalo ni la wenyeji wa Rungwe. Jina la kumuenzi mwanamume huishia -i, kama kersteni. La mwanamke -ae. Likiwa kivumishi hufuata jinsia ya jenasi: Sjöstedt aliandika Pseudagrion massaicum mwaka 1909, kwa sababu Pseudagrion haina jinsia ya kike wala ya kiume. Lau ingekuwa Platycypha, ambayo ni ya kike, lingeishia -a. Kujiita mwenyewe hakukatazwi na kanuni, ila wenzako watakuona huna adabu.

Dhana: Ukishaliweka jina Facebook, ni lako

Halitambuliki. Linahitajika chapisho lenye maelezo ya kutofautisha, tamko kwamba ni spishi mpya, na holotaipu. Chapisho la mtandaoni tu linakubalika tangu 2012, mradi lisajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili utajwe ndani yake.

Dhana: Anachoma kwa mkia

Hana mwiba. Ncha ile ni vibanio kwa dume, na kwa jike ni kifaa cha kutagia, ambacho hupasulia majani na kuni zilizolowa ili kupachika mayai.

Dhana: Pakiwa na kereng'ende, maji ni safi

Inategemea ni nani. Ischnura senegalensis na Ceriagrion glabrum huishi vizuri kwenye mitaro na mabwawa yaliyochakaa. Platycypha caligata anataka maji yanayotiririka na vipande vya miti vilivyolowa ambamo jike hutaga. Wa msituni halisi wanataka kivuli. Miti ya kingo ikikatwa, maji hupata joto, tope hufunika mawe, na hao huondoka kwanza huku wale wa mitaroni wakichukua nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira ya mto, ndani ya mita 60 kutoka kingo zake. Kwa hiyo lebo ya sampuli isiishie kwenye tarehe, jina la mahali, nukta za GPS na mwinuko. Ongeza upana wa kijito, aina ya kitako chake, kivuli kiasi gani, na umbali hadi shamba la kwanza, ili atakayerudi hapo ajue ni kitu gani kimebadilika.