Acheni Kuniuliza Namba ya Chupa

Jana tena. Mtu kanitumia picha ya kijisanamu alichokipaka rangi, askari wa Kiingereza wa vita vya Waterloo, kimo 28mm, kazi nzuri kabisa, mkono umetulia, na swali ni lile lile: nyekundu HALISI ya koti lao ni chupa ya rangi namba ngapi? Nimeulizwa hivi mpaka nimechoka, na kinachoniudhi sio swali lenyewe, ni imani iliyo nyuma yake, kwamba mahali fulani kuna rangi moja ya kweli, ukiipata kazi imekwisha na ukiikosa kijisanamu chako ni uongo.

Hiyo rangi moja haijawahi kuwepo jamani.

Chukua hao hao Waingereza wa Waterloo, 1815. Koti la askari wa kawaida lilitiwa rangi ya mizizi ya mmea wa madder, la ofisa lilitiwa rangi ya kochinili, wale wadudu wanaokaa kwenye dungusi. Hizo ni nyekundu mbili tofauti, ya mizizi inaelekea kwenye tofali, ya wadudu inawaka. Kwa hiyo ukipaka kikosi kizima kwa chupa moja, ofisa na kuruta wote sawa, ushakosea tayari, na umekosea kwa sababu ulikuwa unatafuta usahihi! Afu hata makoti ya madder yenyewe hayafanani, kila pipa la mtia rangi linatoa yake, inategemea maji, inategemea shabu ile ya kushikisha rangi, inategemea kitambaa kimelowekwa muda gani. Afu ndo linakuja jua, na mvua, na kulala matopeni, koti linapauka mabegani kwanza, na kule linakofunikwa na begi la mgongoni linabaki limekolea. Mi askari wangu wa kampeni ya vita huwa wamepauka mabega, na hicho ndo kitu cha kwanza watu wanakisifia bila kujua wanasifia nini.

Suruali ndo usiseme. Ofisa mmoja aliyepigana chini ya Wellington, jenerali wa Waingereza, kule Hispania aliandika kwamba mkubwa wao hakuangalia suruali za watu kama ni nyeusi, bluu au kijivu, mradi wamefika uwanjani na risasi zao 60 nzuri. Sasa Wellington mwenyewe hakujali, wewe unalala macho kwa sababu ya kijivu?

"Lakini koti nimeliona makumbusho." Sawa, umeliona. Mengi yaliyobaki ni ya maofisa, maana la kuruta lilivaliwa mpaka likawa matambara. Na hilo uliloliona limekula mwanga miaka mingapi? Ukipata nafasi ya kulisogelea, tazama ndani ya pindo la mkono au kwenye mshono ulioachia kidogo, kule ambako jua halijafika. Huko ndo utapata habari, kifuani hamna kitu.

Picha za zamani ni balaa zaidi, na hapa naomba tusikilizane kwa sababu makosa haya nayaona kila wiki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, picha zake zilipigwa kwa sahani za kioo zilizopakwa kolodioni, na kemikali ile inaona bluu vizuri sana lakini nyekundu na njano karibu haizioni. Maana yake bluu inatoka imefifia, karibu na nyeupe, na nyekundu inatoka nyeusi tii. Suruali ya askari wa Kaskazini ilikuwa ya bluu mpauko, kwenye picha inaonekana kama kijivu cheupe hivi, basi mtu anaipaka kijivu na ukimwuliza anakuonyesha picha kama ushahidi. Picha haidanganyi ila wewe hujui kuisoma! Na zile zilizotiwa rangi na kompyuta siku hizi, tafadhali, usiniletee kabisa.

Haya, tuseme umepata kipande halisi cha kitambaa, hakijachujuka, unacho mkononi. Bado hutakiwi kukinakili. Kijisanamu cha 28mm ni kama mtu aliyepunguzwa mara 60 hivi, ukikishika nusu mita kutoka usoni ni sawa na kumwangalia mtu aliye mita 30. Cha 6mm ni karibu mara 300, huyo yuko mita 150. Kwa umbali huo rangi hufifia na kivuli kidogo hupotea. Bluu ya Wafaransa wa Napoleon, ile ya nili iliyokolea, ukiipaka ilivyo kwenye nguo unapata kipande cheusi, mikunjo yote imemezwa. Lazima uipandishe iwe angavu zaidi. Kwa kiasi gani? Wapo wanaotoa asilimia za nyeupe za kuongeza kwa kila skeli, yaani kila ukubwa wa kijisanamu, nimezifuata kwa miaka miwili na sasa siziamini, 28mm zangu zilitoka kama zimemwagiwa unga. Nashuku kinachokosekana sio weupe ni kontrasti, jicho likiangalia kitu kidogo linataka kivuli kizito na mwanga mkali zaidi ya ilivyo kwenye nguo ya kweli. Na hata hili nimelibadilisha mawazo mara mbili, kwenye 54mm bado navutana nalo.

Praima, ile rangi ya msingi ya kutangulia, tumia yoyote, ila nyekundu juu ya praima nyeusi inakufa, anza na kahawia yenye wekundu. Mikanda myeupe anzia kijivu chenye unjano kidogo, nyeupe tupu weka kwenye kingo tu. Hailaiti ya nyekundu, pale panapopigwa na mwanga, usichanganye na nyeupe, utapata waridi, tia rangi ya machungwa. Woshi, ile rangi ya majimaji inayoingia kwenye mikunjo, izimue.

Huyo wa jana nimemwambia agawe kikosi chake cha watu 24 makundi matatu. Kundi la kwanza apake nyekundu aliyonayo mezani ilivyo, la pili atie tone la kahawia, la tatu tone la machungwa, awachanganye kwenye safu, na ofisa peke yake apate ile inayowaka. Kaniuliza, sawa, na hiyo kahawia ni namba ngapi?

Yoyote, kaka. Yoyote.