Kwa nini Wagiriki wa kale walichora macho kwenye vikombe vya mvinyo?

Katika nusu ya pili ya karne ya 6 KK, wafinyanzi wa Athens walipenda sana kuchora macho mawili makubwa upande wa nje wa kylix, kikombe kipana chenye mikono miwili na kitako kirefu. Macho yenyewe yamekodolewa, na nyusi juu yake. Baadhi ya vikombe viliongezwa pua, hata masikio. Ya nini yote hayo?

Wengi husema ni kinga: jicho hurudisha husuda ilikotoka. Wagiriki haohao waliweka macho kwenye omo za meli zao za vita, kama yalivyo kwenye majahazi ya Lamu, na baadhi, ya marumaru, yamefukuliwa Piraeus, bandari ya Athens.

Lakini kinga haielezi kila kitu. Hebu mtazame mnywaji. Karamuni wanaume walijinyoosha vitandani wakitazamana. Mmoja akiinua kikombe na kukibinua amalizie mvinyo, uso wake hufichika: macho ya kuchorwa yanashika nafasi ya yake, mikono ya kikombe inakuwa masikio, na uwazi wa chini ya kitako unakuwa kinywa. Wenzake wanakodolewa macho na kinyago. Na Dionysos, mungu wa mvinyo, ndiye pia mungu wa tamthilia na vinyago. Mimi naegemea hapo: ulikuwa mzaha wa walevi, ila mzaha wenye mungu ndani yake.

Mnywaji naye alikuwa na lake. Ndani ya vikombe vingi, chini kabisa, amechorwa Gorgo, zimwi la kike la ngano za Kigiriki, ulimi nje, meno wazi. Mvinyo ukiisha, mnatazamana.

Mashuhuri kuliko vyote ni kikombe cha Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens, cha takriban mwaka 530 KK, kilichopatikana Vulci, Italia, na sasa kimo Munich. Nje kuna macho. Ndani, Dionysos amejilaza chomboni peke yake, mzabibu umepanda mlingotini hadi juu ya tanga jeupe, na pomboo saba wanamzunguka. Hao, ngano yasema, walikuwa maharamia: walimteka mungu huyo wakidhani ni mwana wa mfalme, wakitaraji kikomboleo. Mzabibu ukachipuka tangani, mungu akageuka simba; wakajitosa baharini kwa hofu, wakageuka pomboo. Bahari yenyewe Exekias hakuichora. Aliacha wekundu mtupu, mvinyo ufanye kazi hiyo. Sahihi yake, “Exekias alikitengeneza”, aliiweka ukingoni mwa kitako.