Tatu juu ya mbili: mdundo wa chakacha kwa anayeanza

Wengi wanaoanza muziki huchanganya pigo na mdundo. Pigo ni ule mwendo usiobadilika ambao mguu huufuata hata ngoma inaponyamaza. Mdundo ni mpangilio wa sauti ndefu, fupi na vituo juu ya mapigo hayo. Kasi ni idadi ya mapigo kwa dakika, basi.

Nyimbo nyingi za dansi huhesabika moja hadi nne na hazimsumbui mtu. Chakacha, ngoma ya wanawake ya harusi za pwani, ndiyo inayosumbua, na ndiyo maana naiona mwalimu mzuri kuliko zote. Huenda kwa hesabu sita za haraka, ile inayoandikwa 6/8. Sita hiyo unaweza kuigawa mafungu mawili ya tatu tatu, au matatu ya mbili mbili. Migawanyo yote miwili husikika kwa pamoja, na mvutano wake ndio unaotikisa kiuno.

Kuhesabu namba kunachosha ulimi. Sema "chai na maziwa": cha-i-na-ma-zi-wa, silabi sita kamili. Kila silabi ipate muda sawa, na ukimaliza "wa" uingie "cha" bila kupumzika. Keti, mguu ukanyage kwenye "cha" na "ma" tu, mpaka uende wenyewe. Sasa utulize mguu, upige makofi kwenye "cha", "na" na "zi". Ukiviunganisha: "cha" mguu na kofi pamoja, "na" kofi, "ma" mguu, "zi" kofi. "I" na "wa" hazipigwi, lakini zina muda wake.

Hizo mbili ndizo humezwa kwanza. Ukizimeza unabaki na vishindo vinne vilivyolingana, na chakacha imekwisha hapo. Zitamke kwa sauti, hata kama unaona haya. Kosa jingine linatoka kwenye lugha yetu yenyewe: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ma-ZI-wa, hivyo mguu huvutwa kuangukia "zi". Ikaze "ma" kwa makusudi siku za mwanzo.

Tumia metronomu ya simu, programu inayotoa milio kwa mwendo usiobadilika. Anza na 40 kwa dakika, mlio mmoja kwa kila mguu, yaani silabi tatu kwa mlio. Ukimaliza dakika mbili bila kuteleza, ongeza 5. Usirukie kasi ya harusini: kosa likirudiwa haraka haraka, mwili hulishika kama ndiyo sahihi, na kulitoa ni kazi.

Ukifika 80, acha kutamka. Kisha geuza, mguu upige tatu na makofi mawili. Jirekodi, halafu usikilize zile tatu peke yake: nafasi kati yake zikilingana, umeupata. Ya pili ikichelewa, rudi 40 na "i" yako.