Anga la Kubuni Juu ya Kibo: Dhana Potofu Kuhusu Nyota Katika Hadithi za Fantasia

Vijana kadhaa wa Arusha na Moshi wanaoandika hadithi za fantasia kwa Kiswahili hunipa miswada yao niisome, na jambo moja hujirudia mara nyingi: falme ni za kubuni, mazimwi ni ya kubuni, lakini anga lililo juu ya falme hizo limeazimwa zima zima kutoka vitabu vya Ulaya. Shujaa anavuka jangwa akiongozwa na Nyota ya Kaskazini, mwezi mwandamo unang'aa utosini usiku wa manane, na makundinyota yamekaa kwa sura zilezile tangu wafalme wa kwanza. Naipenda fasihi hii na naamini ina nafasi kubwa katika lugha yetu, na ndiyo maana naona dhana hizi zinastahili kupimwa kwa yale yanayofundishwa na falaki na kwa yale ambayo mtu yeyote anaweza kuyaona akisimama uani kwake Njiro au Pasua.

Dhana: Ulimwengu ukiwa wa kubuni, anga lake halina masharti

Mwandishi anao uhuru wa kuumba anga lolote alitakalo, hilo halina ubishi. Kinachopotosha ni kudhani kwamba waandishi wakubwa wa fantasia walilichora anga kiholela. Mwingereza J. R. R. Tolkien, katika juzuu ya kwanza ya riwaya yake kuu, The Lord of the Rings, iliyotoka mwaka 1954, anaeleza usiku mmoja wa mwishoni mwa Septemba ambapo wasafiri wanaona kwanza nyota zilizonaswa kama kwenye wavu, kisha nyota nyekundu, halafu mpiganaji wa upanga mwenye mkanda unaong'aa akipanda kutoka ukingo wa dunia. Majina ni ya kubuni, lakini mpangilio ni wa kweli: Kilimia, kile kishada cha nyota zilizosongamana, hutangulia, na Jabari, kundi ambalo wengi hulijua kwa jina la Orion, hufuata nyuma yake. Mtu akikesha Moshi mwishoni mwa Septemba ataona mfuatano huohuo ukichomoza upande wa mashariki, na Jabari itatokea karibu na usiku wa manane. Msomaji ambaye hajui lolote kuhusu nyota hapotezi kitu katika ukurasa ule, ilhali anayezijua anapata sababu ya kumwamini mwandishi hata kwa yale yasiyoweza kuthibitishwa.

Dhana: Nyota ya Kaskazini humwongoza kila msafiri

Hii ndiyo dhana inayowaponza waandishi wetu kuliko nyingine zote, kwa sababu nyota hiyo haionekani kutoka Arusha wala Moshi. Urefu wa ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, juu ya upeo wa macho hulingana na latitudo ya anayetazama. Kwa aliye London, ncha ya kaskazini imesimama nyuzi 51 juu ya upeo, na kwa aliye Cairo ni nyuzi 30. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa zaidi kidogo ya nyuzi 3, kwa hiyo ncha hiyo iko chini ya upeo wetu, na nyota iliyo jirani yake imefichwa na dunia yenyewe.

Jambo hili linaweza kushuhudiwa kwa macho. Mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yameisha na mawingu yamefunguka, tazama kaskazini kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Utaziona nyota saba angavu za Dubu Mkubwa zikiwa zimepinduka, bakuli lake likiangalia chini. Nyota mbili za ukingo wa bakuli hilo, Dubhe na Merak, ndizo ambazo watu wa kaskazini huzifuata ili kuipata Nyota ya Kaskazini, na ukiufuata mstari wake ukiwa Arusha utashuka mpaka ardhini, upande wa Mlima Meru. Kwa Moshi ni wazi zaidi, maana kilele cha Kibo kiko kaskazini mwa mji karibu sawasawa kabisa. Mwandishi wa Moshi anayehitaji alama isiyohama ya kumwonyesha shujaa wake kaskazini tayari anayo, na ina urefu wa mita 5,895.

Sasa geuka kusini bila kuondoka ulipo. Msalaba wa Kusini utakuwa umesimama wima, nyuzi 30 na kitu juu ya upeo. Kuliona Dubu Mkubwa na Msalaba wa Kusini kwa pamoja, kila kimoja kikiwa kileleni mwa safari yake, ni neema ya watu wa karibu na ikweta. Aliye Oslo hauoni Msalaba kamwe, na aliye kusini kabisa mwa New Zealand halioni Dubu lote. Nasikitika ninapoona mwandishi wa hapa akiiacha neema hii na kuchukua nusu ya anga la mwingine.

Kuna tofauti nyingine iliyo muhimu kwa hadithi za safari. Vitabu vya kaskazini husimulia anga linalozunguka nukta moja iliyo juu, nyota zikitembea kwa mshazari. Kwetu nyota huchomoza karibu wima na kuzama karibu wima. Mkanda wa Jabari uko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo huchomoza mashariki halisi na kuzama magharibi halisi, na kwa kuwa unapanda wima, huendelea kuonyesha mashariki kwa saa kadhaa kabla haujakaribia utosi. Msafiri wa kubuni katika nchi inayofanana na yetu angetembea kwa nyota zinazochomoza na zinazozama, akizibadilisha kadiri usiku unavyosonga. Safari ya namna hiyo ina mengi zaidi ya kusimulia kuliko ile ya kufuata nukta moja usiku kucha.

Dhana: Makundinyota ni urithi wa Wagiriki, na Waafrika hatukuwa nayo

Orodha rasmi ya leo ina makundinyota 88. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliikubali mwaka 1922, na mipaka yake, iliyochorwa na Mbelgiji Eugène Delporte, ikachapishwa mwaka 1930. Msingi wake ni yale 48 yaliyoorodheshwa na Ptolemaio wa Aleksandria katika karne ya 2, ingawa moja kati ya hayo 48 baadaye lilivunjwa. Mengine ni ya juzi tu. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyezipima nyota za kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, aliongeza 14, na mengi aliyaita kwa vyombo vya maarifa vya zama zake kama darubini, saa na pampu ya hewa. Moja alilipa jina la Mlima Meza ulio juu ya Cape Town. Kwa hiyo mlima wa Afrika umo katika ramani za anga tangu karne ya 18, na kijana wa Moshi anayetaka kuiweka Kibo kati ya nyota za ulimwengu wake anafuata desturi iliyokwishakubalika. Hata majina ya nyota moja moja yanayotumiwa na Wazungu, kama Aldebaran, Rigel, Altair na Deneb, yalitoka kwa Waarabu.

Kuhusu watu wa huku, ushahidi upo na umeandikwa. Waswahili wana msemo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Msemo huo unalingana na anga lenyewe: Kilimia hupotelea katika mwanga wa jua kuanzia mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea, na huonekana tena alfajiri mnamo Juni, mvua zikiwa zimekatika. Wamaasai nao, kwa mujibu wa A. C. Hollis, ofisa wa kikoloni wa Uingereza aliyechapisha masimulizi yao mwaka 1905, walikuwa na mwezi uliopewa jina la Kilimia, ambao kutoonekana kwa nyota hizo kuliwajulisha kwamba mvua kubwa zimekwisha.

Hollis ameandika pia masimulizi ya Wamaasai kuhusu Jabari ambayo nayathamini sana. Nyota tatu za upanga ni wazee, na nyota tatu za mkanda ni wajane wanaowafuatia kutoka kushoto kwa kuwa wamefiwa na waume zao na wanataka kuolewa. Litazame kundi hilo likichomoza mashariki kutoka Arusha mwezi Desemba. Jabari amelala ubavu, kichwa kaskazini na miguu kusini, mkanda na upanga vikipanda sambamba, na mkanda uko kushoto kweli kweli. Kwa mtazamaji wa Ulaya sura inabadilika, upanga unaning'inia chini ya mkanda, na habari ya wajane kutokea kushoto inapoteza nguvu. Masimulizi haya yalitungwa na watu waliokuwa wakitazama anga la hapa, na ndani yake kuna wahusika, tamaa na mwendo, yaani mbegu kamili ya hadithi.

Dhana: Nyota za kundi moja ni majirani, na hazibadiliki

Kundinyota ni sura inayoonekana kutoka mahali tulipo. Mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Katika Jabari, nyota ya Bellatrix iko umbali wa miaka ya nuru 250 hivi, Rigel karibu 860, na nyota ya katikati ya mkanda zaidi ya 1,000. Mhusika anayeruka kwa uchawi hadi dunia ya mbali hawezi kukuta sura hizi juu yake, isipokuwa kama mwandishi ana sababu. Lakini kosa la upande wa pili lipo vilevile. Akifika Rijili Kantori, iliyo miaka ya nuru 4.4 tu kutoka kwetu, makundi mengi atayatambua bado. Sirius, kwa kuwa iko karibu, itakuwa imehamia jirani na Betelgeuse, na jua letu litakuwa nyota mpya angavu ndani ya kundi la Kasiopeia. Nukta hiyo moja iliyozidi ingetosha kumwambia mhusika kwamba hayuko nyumbani, na ningependa kuisoma katika hadithi ya mtu.

Wakati nao hulibadilisha anga. Mhimili wa dunia huyumba polepole na kukamilisha duara kwa miaka 26,000 hivi. Wamisri wa enzi za piramidi hawakuwa na Nyota ya Kaskazini ya leo. Nyota iliyokuwa jirani na ncha ilikuwa Thuban, na baada ya miaka 12,000 hivi nafasi hiyo itakuwa ya Vega. Nyota zenyewe pia husogea, jambo ambalo Edmond Halley aliligundua mwaka 1718 alipolinganisha vipimo vyake na vya watu wa kale. Himaya ya kubuni yenye miaka 10,000 ingekuwa na unabii wa kale usiolingana tena na anga la sasa, na makuhani wangegombana kwa sababu hiyo.

Dhana ndogo ndogo

Husemwa kwamba nyota nyingi tunazoziona zimeshakufa. Si kweli: karibu zote zinazoonekana bila darubini ziko ndani ya miaka ya nuru elfu chache, ilhali uhai wa nyota huhesabiwa kwa mamilioni na mabilioni ya miaka, kwa hiyo karibu zote bado zipo. Husemwa pia kwamba macho huona mamilioni ya nyota. Kwa anga zima idadi ni kama 9,000, na kwa wakati mmoja huonekana chini ya nusu ya hizo hata penye giza totoro.

Kinachoitwa nyota kuanguka ni kimondo, kwa kawaida chembe ndogo tu inayowaka katika hewa ya juu, wala si ishara ya kifo cha mtu. Vikubwa ni nadra. Kimondo cha Mbozi huko Songwe, kinachokadiriwa kuwa na tani 16, ni chuma kwa zaidi ya asilimia 90, na mhunzi wa kubuni angepata humo kisu kisichohitaji uchawi wowote.

Kuhusu nyota ya mtu, ile inayosemekana kufifia, kuibwa au kusafishwa, hakuna ushahidi kwamba nyota za angani hupanga maisha ya yeyote, na anayetozwa fedha kwa ajili hiyo anadhulumiwa. Ndani ya hadithi ni suala lingine, kwani mwandishi anaweza kuweka kanuni kwamba nyota hutawala bahati, mradi aifuate mpaka mwisho.

Dhana: Mwezi hutokea popote hadithi inapouhitaji

Mwezi mwandamo huonekana upande wa magharibi baada ya jua kuzama na huzama muda mfupi baadaye. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Nyota haiwezi kuonekana katikati ya pembe za hilali, kwa sababu sehemu ile yenye giza ni mwezi wenyewe. Tolkien alipogundua mwaka 1944 kwamba miezi ya riwaya yake ilikuwa ikifanya mambo yasiyowezekana, alirudi kurekebisha sura alizokwisha kuziandika. Kwetu kuna jambo la ziada: hilali hulala karibu chali, pembe zake zikielekea juu, wakati michoro ya majalada ya vitabu vya kigeni huisimamisha wima.

Anayetaka miezi miwili ana ruhusa, kama ilivyo kwa anayetaka majua mawili, maana sayari inayozunguka nyota mbili, Kepler-16b, ilitangazwa mwaka 2011. Ila miezi miwili huleta aina mbili za maji kujaa na kupwa, tarehe mbili za mwandamo na kalenda mbili, na wahusika wakiahidiana kukutana mwezi ukiandama, msomaji atataka kujua ni mwezi upi.